Wizi wa Maandiko na Amri ya Nane



Ukiwauliza mafrateri kumi kwamba mtu anayechukua makala ya mwenzake na kuichapisha kwa jina lake anavunja amri ipi, nadhani tisa watakujibu bila kusita: ya saba, usiibe. Hata namna tunavyolitaja kosa lenyewe inatuelekeza huko. Tunasema "wizi wa maandiko" au "wizi wa kitaaluma". Warumi nao walikuwa na neno plagiarius, yaani mtu anayeteka watoto au watumwa wa wenzake, na mshairi Martial, katika karne ya kwanza, akalitumia kumwita hivyo mtu aliyejitwalia mashairi yasiyo yake. Lugha za Ulaya zimelirithi neno hilo mpaka leo.

Sipingi kwamba ni wizi. Lakini tangu nianze kusoma jinsi majarida ya kitaaluma yanavyoshughulikia jambo hili, nimezidi kuamini kwamba amri inayolieleza vizuri zaidi ni ya nane, usimshuhudie jirani yako uongo. Na ninaona kwamba majarida yanapolichukulia kama suala la amri ya saba peke yake, ndipo yanapoyumba.

Niliingia katika suala hili kwa njia ya pembeni. Katika masomo yetu ya falsafa kila frateri huandika insha ndefu kabla ya kumaliza, na yangu inahusu dhamiri kwa Mtakatifu Thoma wa Akwino. Nilimpelekea padre anayenisimamia orodha ya maandiko yote niliyokuta yanatajwa na wengine kuhusu mada hiyo, ili anisaidie kuchagua. Ilirudi na duara la kalamu nyekundu kwenye jina moja, na pembeni maneno matatu: "Huyu mchunguze kwanza." Hakueleza zaidi. Ndiyo desturi yake, anayemfahamu hatashangaa.

Jina lilikuwa la Martin Stone, aliyekuwa profesa wa falsafa katika Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Leuven, Ubelgiji. Leuven si mahali pageni kwetu. Mapadre wengi wa Afrika Mashariki na ya Kati wamesoma huko, na Chuo Kikuu cha Lovanium kule Kinshasa kilizaliwa na Leuven mwaka 1954. Taasisi yake ya falsafa ilianzishwa mwaka 1889 na Désiré Mercier, ambaye baadaye akawa Kardinali, kwa kuitikia wito wa Papa Leo XIII. Papa huyo, kwa waraka wake Aeterni Patris wa mwaka 1879, alitaka falsafa ya Mtakatifu Thoma irudishiwe nafasi yake katika shule za Kanisa. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba fulani ni profesa wa falsafa ya Zama za Kati kule Leuven, mimi frateri wa miaka ishirini na mitano huku sina la kuhoji. Ninavua kofia na kunukuu.

Stone aliandika mengi kuhusu maadili ya wanafalsafa na wanateolojia wa Zama za Kati na wa karne zilizofuata, katika majarida na katika vitabu vya wachapishaji wanaoheshimika. Kisha Bulletin de philosophie médiévale, jarida la chama cha kimataifa cha watafiti wa falsafa hiyo, katika juzuu lake la 51, la mwaka 2009, likachapisha makala ya watafiti watatu: Michael Dougherty, Pernille Harsting na Russell Friedman. Kichwa chake kilisema tu kwamba hizi ni kesi 40 za wizi wa maandiko. Ndani yake, kwa kurasa zaidi ya 40, kazi za Stone zimepangwa moja baada ya nyingine, na kila moja imewekewa chanzo ilikochukuliwa. Friedman mwenyewe alikuwa mwalimu hapohapo Leuven, kwa hiyo hakuwa mtu wa mbali anayerusha mawe. Stone aliondoka chuoni mwaka 2010.

Kilichonigusa katika orodha ile ni ukavu wake. Hakuna lawama wala mahubiri, hakuna hata sentensi ya kumsikitikia mtu. Ni kazi hii, kurasa hizi, zinatoka pale, kurasa zile. Na ukiisoma hivyo, mfululizo, swali linakujia lenyewe: kazi zote hizo zilipitaje? Kila moja ilikuwa na mhariri. Nyingi zilisomwa na wahakiki kabla ya kuchapishwa. Walikuwa wapi?

Jibu la kwanza ni la kawaida kuliko nilivyotarajia. Mtafiti akituma mswada kwenye jarida, mhariri anausoma, na akiona unafaa anawapelekea wahakiki wawili au watatu wa fani hiyo. Kwa kawaida watu hao hawalipwi. Wanasoma usiku baada ya vipindi vyao, na wanachotazama ni hoja: je, inasimama? Je, ina jambo jipya? Hawakai na kila sentensi wakijiuliza imetoka wapi. Tena mhakiki ambaye angeitambua sentensi mara moja ni yule aliyeibiwa, na huyo huenda ameshafariki, au ni mtu aliyeandika tasnifu yake miaka ishirini iliyopita na haikutoka nje ya maktaba ya chuo chake. Mwizi mwenye akili haibi kwa Kant. Anaiba kwa mtu asiyejulikana.

Siku hizi ipo mashine. Wachapishaji wengi, kupitia shirika la Crossref, hupitisha miswada katika programu inayolinganisha maneno yake na mamilioni ya maandiko yaliyokwisha kuchapishwa. Programu inatoa ripoti yenye asilimia, na watu wengi, wakiwemo walimu, huichukua asilimia hiyo kana kwamba ni kipimo cha malaria: chanya au hasi. Sivyo. Inahesabu maneno yanayofanana tu. Mtu anayeandika juu ya Thoma na kunukuu Summa kwa uaminifu, kwa alama za kunukuu na tanbihi zote, anaweza kupata asilimia kubwa. Aliyechukua makala ya Kijerumani na kuitafsiri yote kwa Kiingereza bila kumtaja mwenyewe anaweza kupita akiwa msafi kama mtoto aliyebatizwa asubuhi. Dougherty, mmoja wa wale watatu, ambaye hufundisha falsafa katika chuo cha Wadominiko huko Ohio, Marekani, alitoa kitabu mwaka 2020 kuhusu aina hii ya wizi uliojificha, na tafsiri ni mojawapo ya njia zake. Sisi tunaosoma kwa Kiingereza na kuandika kwa Kiswahili tungefaa kulifikiria hilo kuliko wengine. Hakuna mashine inayotulinda na kishawishi hicho, wala inayotukamata.

Basi tuseme mhakiki ameshtuka, au mashine imelia. Kinachofuata nisingekifahamu kama nisingekutana na michoro ya hatua ya kamati moja iitwayo COPE, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 1997 na wahariri wachache wa majarida ya tiba, na ambayo leo inaongoza maelfu ya majarida ya kila fani. Kwa mswada ambao bado haujachapishwa, mwenendo wake ni huu. Mhariri anamshukuru mhakiki na kukusanya ushahidi kamili, maandishi mawili bega kwa bega. Anapima ukubwa wa jambo. Kama ni vifungu virefu, au data, vilivyowekwa kana kwamba ni vya mwandishi mwenyewe, anamwandikia mwandishi huyo peke yake, akimwonyesha ushahidi na kumwomba maelezo. Mwandishi asipojibu, mhariri anawatafuta waandishi wenzake kama wapo. Nao wakikaa kimya, analipeleka jambo kwa taasisi yake, kwa mkubwa wake au kwa ofisi inayosimamia utafiti.

Nilipoufikia mshale wa mwisho nilicheka peke yangu. Ni Mathayo 18! Ndugu yako akikukosea, nenda ukamwonye ninyi wawili peke yenu. Asiposikia, chukua mmoja au wawili pamoja nawe. Asipowasikia hao, liambie Kanisa. Sidai kwamba wale madaktari wa Uingereza walikuwa na Injili mezani. Nadhani tu kwamba mtu yeyote anayetafuta kwa dhati njia ya kumshtaki mwenzake bila kumwangamiza ataishia karibu na pale. Tena kuna hatua nyingine ndogo inayonifurahisha. Taasisi isipojibu, mhariri anashauriwa aendelee kuiandikia kila baada ya miezi mitatu hadi sita. Yaani anageuka kuwa yule mjane wa Injili ya Luka, anayemchosha hakimu mpaka haki itoke.

Upande wa pili wa mchoro, ule wa makosa madogo, niliuelewa vizuri zaidi kupitia rafiki yangu. Tulisoma pamoja seminari ndogo. Yeye alitoka, akaenda chuo kikuu, na sasa anatafuta shahada ya pili. Alituma makala kwenye jarida moja, kuhusu adhabu katika shule za msingi, kazi aliyoifanya kweli: alikwenda shuleni, alihoji walimu, mimi mwenyewe niliona madaftari yake. Barua ya mhariri ilipokuja ilimweleza kwamba katika sehemu ya mjadala kuna sentensi kadhaa zinazofanana mno na za makala nyingine mbili, na kumwomba aziandike upya kwa maneno yake au aziweke katika alama za kunukuu na kutaja chanzo. Kisha tathmini itaendelea.

Alinipigia simu usiku, amekasirika. "Frateri, hawa watu wameniita mwizi kwa Kiingereza cha heshima."

Nilimsomea mchoro ulivyo. Kwa kesi kama yake, vifungu vifupi, katika sehemu ya mjadala, kwa mtu anayeandika kwa lugha isiyo yake, unamwelekeza mhariri aandike bila kushutumu, aeleze msimamo wa jarida na kumpa nafasi ya kusahihisha. Akanyamaza, kisha akauliza kama kweli wameandika hivyo, kuhusu lugha. Wameandika. Kihaya ndicho alichonyonya, Kiswahili akakisomea shule ya msingi, Kiingereza kikamkuta sekondari. Anayejifunza lugha ya tatu hujifunza kwa vipande vilivyokwisha kuungwa. Anakutana na sentensi ya Mzungu iliyosimama vizuri, anaogopa kuigusa isije ikaanguka. Hilo si jambo la kusifu, na mhariri alifanya vema kulikataa. Lakini ni tofauti na kumnyang'anya mtu ugunduzi wake, na nimefarijika kwamba utaratibu unaotumika dunia nzima unaijua tofauti hiyo. Vyuo vingine vya kwetu, vinavyotazama asilimia tu na kufunga faili, bado havijaijua.

Rafiki yangu aliandika upya. Anasema sehemu ile sasa ni fupi na mbaya kidogo, ila ni yake.

Sasa nirudi kwenye amri ya nane. Mwishoni mwa mwaka 2016 jarida la tiba la Marekani, Annals of Internal Medicine, lilichapisha barua ya daktari Michael Dansinger. Yeye na wenzake walikuwa wametuma mswada kwenye jarida hilohilo mwaka mmoja na zaidi kabla, nao ukakataliwa. Mmoja wa wahakiki aliouamini mhariri aliuchukua mswada ule, akaondoa majina yao, akaweka lake na ya wenzake, na kuuchapisha kwingine. Dansinger alikuja kukutana na kazi yake mwenyewe ikiwa na baba mwingine. Makala ile ilifutwa. Na barua yake, iliyoelekezwa kwa mwizi mwenyewe, haikumtaja jina. Inamwambia alichokifanya na uzito wake, basi. Nimeisoma mara kadhaa na bado naiona kuwa mfano bora wa kumwonya ndugu.

Lakini kuna jambo katika kesi ile ambalo huwa tunalipita haraka. Ili makala ionekane ni yake, mhakiki yule hakuweza kubadili majina tu. Ilibidi pia wagonjwa wabadilike. Utafiti wa Dansinger ulikuwa na watu halisi waliopimwa. Makala ya wizi ikasema data zilitoka kwa wagonjwa wa Ulaya, ambao hawakuwapo. Daktari yeyote aliyeisoma kabla haijafutwa alikuwa anapokea ushahidi kuhusu miili ya watu wasiokuwepo.

Katika falsafa hatuna wagonjwa, ndiyo maana tunaona jambo ni jepesi. Mwenzangu mmoja hapa, mtu wa hoja kali, hunibana hivi: ukweli ni wa wote; kama sentensi ni ya kweli, ni ya kweli kinywani mwa yeyote; na mwenye makala bado anayo makala yake, hakuibiwa ng'ombe. Anaongeza kwamba watu wa Zama za Kati walinakiliana bila haya, na Thoma mwenyewe mara nyingi husema tu "baadhi ya watu wanasema".

Kuhusu Zama za Kati namjibu kwa Catena Aurea. Katika kazi hiyo Thoma alifafanua Injili nne kwa kuunganisha vifungu vya Mababa wa Kanisa, na kila kifungu amekiwekea jina la aliyekisema. Kazi nzima ni maneno ya wengine, na msomaji hadanganywi hata mara moja. Akimtaja "Mwanafalsafa", kila mwanafunzi wa Paris alijua ni Aristotle. Akisema "Mfafanuzi", alijua ni Ibn Rushd. Hata ile "baadhi ya watu" ilikuwa desturi ya shule juu ya walimu waliokuwa bado hai, na hakuna aliyedhani kwamba Thoma anadai maneno yale ni yake.

Kuhusu ng'ombe, mwenzangu ana haki nusu. Ni kweli mwenye makala bado anayo. Lakini jina juu ya makala ni ushuhuda. Linasema: mimi niliusoma mswada huu wa Kilatini, mimi niliifikiria hoja hii, ukiwa na shaka njoo uniulize mimi. Msomaji anaegemea hapo. Aliyechukua kazi ya mwingine hawezi kuulizwa, kwa sababu hajui zaidi ya alichonakili. Na kila anayemnukuu, kwa nia njema kabisa, anaupitisha uongo ule kwa mwingine: fulani ameonyesha kwamba. Hakuonyesha. Ndiyo maana orodha ile ya kesi 40 ilinishtua mimi niliye mbali na Leuven. Hakuna kitu changu kilichoibwa. Ila nilikuwa karibu kupokea ushuhuda wa uongo na kuupitisha mbele, katika insha itakayowekwa kwenye maktaba yetu, ili frateri wa mwaka 2040 aukute na kuuamini.

Ukilitazama hivyo, unaelewa kwa nini COPE inasisitiza kwamba kufuta makala iliyokwisha kuchapishwa si adhabu kwa mwandishi, bali ni kusahihisha kumbukumbu kwa ajili ya wasomaji. Wengi hawaliamini hilo, na wahariri wenyewe ni miongoni mwao. Mhariri anayeona kufuta ni kuadhibu ataanza kupima kama adhabu inamstahili mtu: ameomba msamaha, anaumwa, amebakiza miaka miwili astaafu, ana watoto. Kisha atafikiria jina la jarida, na mwanasheria wa mchapishaji naye ataongeza lake. Mwisho makala inabaki ilipo, au inafutwa kwa taarifa isemayo kwamba kulikuwa na "dosari katika rejea". Dougherty, ambaye kwa miaka mingi amekuwa akiwaandikia wahariri kuhusu kesi za namna hii, amekusanya lugha hii ya kulainisha katika kazi zake. Kuna wanaokubali mara moja, kuna wanaojibu baada ya muda mrefu, kuna wasiojibu.

Sisi Wakatoliki hatuhitaji kufundishwa na majarida ubaya wa kuficha jambo ili kulinda jina la taasisi. Tumejifunza kwa gharama, na walioilipa hawakuwa wakubwa.

Na mafundisho yetu hapa hayana utata. Katekisimu, namba 2412, ikifafanua amri ya saba, inadai aliyeiba arudishe, na inamkumbuka Zakayo. Halafu katika amri ya nane, namba 2487, inarudia jambo hilohilo kuhusu ukweli: kosa dhidi ya haki na ukweli linadai malipizi, hata kama aliyelitenda amekwisha kusamehewa. Hata kama amesamehewa! Kiti cha kitubio kinamfungulia mtu mlango wa neema; hakiondoi makala rafuni. Thoma, katika swali la 62 la Secunda Secundae, anasema aliyeharibu heshima ya mwenzake kwa kusema uongo hana budi kuirudisha kwa kukiri kwamba alisema uongo. Najua alikuwa anazungumzia kusingizia, si kunakili. Lakini taarifa nzuri ya kufuta makala ni nini, kama si ungamo hilo? Inataja makala ipi, ya nani, nani anayeifuta na kwa sababu gani. Inaunganishwa na makala yenyewe na kusomwa na yeyote bila malipo. Makala haing'olewi. Inaachwa mtandaoni ikiwa na maandishi makubwa juu ya kila ukurasa kwamba imefutwa, ili atakayeifikia kwa njia yoyote ajue. Naona busara kubwa katika hilo. Kuing'oa kungekuwa uongo wa pili, kana kwamba haikuwahi kutokea.

Ningeongeza jambo moja ambalo taarifa nyingi hazina: jina la aliyeibiwa na anwani ya kazi yake. Kama heshima ilipelekwa mahali pasipo pake, basi irudishwe kwa mwenyewe kwa kumtaja, na msomaji aelekezwe huko. Taarifa inayosema "imefutwa kwa sababu ya wizi wa maandiko" na kuishia hapo imemshughulikia mwizi na kumsahau mjane.

Yote haya hata hivyo ni ya mtandaoni. Katika maktaba yetu kuna majuzuu mengi ya majarida ya falsafa na teolojia yaliyokuja kama zawadi kutoka nyumba za watawa za Ulaya, mengine yakiwa bado na mihuri yao. Intaneti yetu inakatika, karatasi haikatiki. Kwa hiyo mafrateri wengi tunasoma kwenye karatasi, na karatasi haipokei taarifa. Makala iliyofutwa miaka kumi na tano iliyopita imekaa pale rafuni kama siku ilipozaliwa. Vitabu ni vigumu zaidi. Sehemu ya kazi zilizotajwa katika orodha ile ni sura ndani ya vitabu vya pamoja, na wachapishaji wa vitabu hawana mazoea ya kufuta sura.

Nilimwomba padre mtunza maktaba ruhusa ya kufanya tunachoweza. Aliuliza kama nitaandika kwenye vitabu, nikamwambia la, ni vipande vya karatasi tu, vinavyobandikwa mwanzoni mwa makala husika, vyenye tarehe ya taarifa na chanzo halisi pale kinapojulikana. Alikubali, kwa sharti gundi isiwe ile ya chupa. Tuko wawili, Jumamosi mchana baada ya usafi, pale umeme na mtandao unapokuwepo. Tunachukua juzuu, tunasoma yaliyomo, tunatafuta kila makala katika tovuti ya mchapishaji kuona kama imewekewa taarifa. Kazi ni ya kuchosha, na juzuu moja linaweza kula mchana mzima. Mpaka sasa tumemaliza rafu mbili kati ya kumi na moja, na tumebandika vipande vitatu.

Cha tatu kilikuwa kwenye makala ambayo pembeni mwake kulikuwa na mistari ya penseli, ya mtu aliyeisoma kwa makini sana zamani. Tumeiacha mistari yake.